Kupanda Baiskeli Ugweno

Mwezi Julai mwaka jana mjukuu wangu wa kike, ambaye ni muuguzi, alikuja kwangu Ugweno akiwa na begi la nguo na daftari nene lenye jalada gumu. Alikuwa amechukua likizo ya siku 14 ili apate mahali patulivu pa kujisomea. Alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa Kiingereza uitwao IELTS, maana muuguzi wa kutoka nchi kama yetu anayetaka kusajiliwa Uingereza hutakiwa athibitishe lugha yake, na anayetumia mtihani huo hudaiwa alama 7 kati ya 9 katika kuzungumza. Kusoma na kusikiliza havikumtisha. Kuzungumza ndiko kulikomnyima usingizi.

"Babu," aliniambia, "wewe umefundisha Kiingereza miaka yote hiyo. Nisahihishe."

Nilimwambia alete daftari barazani. Ndani alikuwa amekusanya maswali ya mazoezi, na chini ya kila swali ameandika jibu la kukariri. Ukurasa mmoja ulihusu baiskeli. Swali lilikuwa jepesi: je, unapanda baiskeli? Jibu lilichukua mistari kumi na miwili. Lilianza kwa maneno "Nowadays bicycles play a vital role in our society," kisha likaeleza jinsi baiskeli inavyolinda hewa isichafuke, inavyoimarisha moyo na misuli, na inavyopunguza msongamano wa magari mijini. Nilishika kalamu nyekundu kwa mazoea. Sikupata mahali pa kuiweka. Vitenzi vilikuwa sawa, nukta na mikato ilikaa mahali pake. Hata hivyo nilisoma jibu lile mara ya pili na ya tatu, nikawa kama mtu anayesikia nyuma ya mlango sauti anayoifahamu. Baada ya chai nikatambua kuwa ilikuwa sauti yangu mwenyewe.

Ili nieleweke, yanipasa nianze mbali kidogo.

Msomaji ambaye hajafika kwetu ajue kwamba Ugweno iko kaskazini mwa milima ya Upare, katika Wilaya ya Mwanga, wilaya iliyozaliwa mwaka 1979 Wilaya ya Pare ilipogawanywa ikawa Same na Mwanga. Asubuhi isiyo na ukungu, kutegemea umesimama upande gani wa mlima, unaweza kuona Ziwa Jipe mashariki au Bwawa la Nyumba ya Mungu magharibi, na Kilimanjaro ikijitokeza ng'ambo ya tambarare. Vilele vyetu vinapita mita 2,000. Njia karibu zote ni za kupanda au za kushuka, na mahali tambarare panahesabika: uwanja wa mpira, ua wa kanisa, ua wa msikiti, basi.

Hii si nchi ya baiskeli. Lakini ni nchi ya chuma. Marehemu Profesa Isaria Kimambo, ambaye historia yake ya Wapare ilichapishwa mwaka 1969, aliyahifadhi masimulizi ya wazee kuhusu ukoo wa Washana, wahunzi waliokuwa pia watawala wa Ugweno mpaka Wasuya walipowapindua. Chuma cha Ugweno kilivuka tambarare kikaenda Uchaga, na mifugo ikarudi. Nilipokuwa mdogo wazee walikuwa bado wakitamka jina la Washana kwa heshima yenye hofu kidogo, kwani mtu anayeweza kulainisha chuma si wa kuchezewa. Kwa hiyo baiskeli ya kwanza ilipopandishwa huku, nadhani wazee hawakustaajabia chuma chake. Walichostaajabia ni upepo uliofungiwa ndani ya mpira.

Chombo chenyewe, kwa umbo tunalolijua, kilitoka Coventry mwaka 1885, pale John Kemp Starley alipotoa baiskeli yake ya Rover yenye magurudumu mawili yanayokaribiana kwa ukubwa na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1888, Dunlop, daktari wa mifugo aliyeishi Belfast, akapata hati ya mpira wa kujazwa upepo. Watu hawa hawakuwa wakifikiria mlima wa Ugweno.

Baba yangu alinunua Raleigh mwaka 1956 kwa fedha za kahawa. Nilikuwa na umri wa miaka saba. Ilikuwa nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma, na mbele imebandikwa nembo ya kichwa cha korongo. Aliileta juu ya basi kutoka Moshi mpaka chini ya mlima, kisha akaisukuma nusu siku nzima hadi nyumbani, akafika jasho likimtiririka na suruali imechafuka kwa mafuta ya mnyororo. Majirani walikuja kumpongeza. Jirani mmoja akamwuliza, "Sasa ndugu yangu, wewe umeileta au yenyewe imekuleta?" Watu wakacheka sana, na baba akacheka nao.

Tangu siku ile hadi alipofariki, sidhani kama aliipanda kwa jumla ya maili mia moja. Aliizungusha uwanjani siku ya sikukuu, na mara chache aliposhuka tambarare aliitumia kama inavyotumiwa na watu wa Kileo. Siku nyingine zote aliisukuma. Gunia la kahawa lilipita kwenye keria, mikungu ya ndizi ikaning'inia huku na huku, mahindi ya mama yakapanda kutoka shamba la chini. Akishuka na mzigo alifunga tawi la mti nyuma liburute, maana breki za vyuma peke yake zingempeleka korongoni. Mwenyewe alikuwa akisema kwamba amenunua punda asiyekula majani.

Hapo Kiswahili chetu huwa kinanichekesha. Neno ni moja: tunapanda mlima, tunapanda baiskeli. Huku kwetu ukipanda mlima huwezi kupanda baiskeli, na ukipanda baiskeli ujue hupandi mlima tena, unashuka. Mtoto anayejifunza Kiingereza akiambiwa kwamba kupanda ni "climb", atasema bila kosita lolote kwamba baba yake "climbs his bicycle". Nimelisahihisha kosa hilo mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka.

Nilianza shule mwaka 1958. Nyumbani tulisema Kigweno, shuleni tukakutana na Kiswahili, na kwa mbele kidogo Kiingereza kikatungoja. Ngazi hiyo ya lugha tatu ilikuwa na historia yake. Mwaka 1924 tume ya Phelps-Stokes, ambayo Dk. Aggrey wa Gold Coast alikuwa mjumbe wake, ilipita Afrika ya Mashariki na kushauri kwamba mtoto aanzie kwenye lugha za kwao, Kiingereza kije baadaye. Ushauri haukuwa mbaya. Shida ilikuwa namna tulivyokipokea Kiingereza kilipofika. Katika madarasa ya juu palikuwa na kipande cha ubao chenye kamba, na aliyesikika akisema lugha ya nyumbani alikivaa shingoni mpaka amsikie mwenzake akikosea amvishe yeye. Jioni kilikuwa na bwana wake wa mwisho, naye alifagia. Nilikivaa mara kadhaa. Nikajifunza kwamba njia ya salama ni kunyamaza, au kusema tu lile ambalo mwalimu amekwisha kulisema.

Na mwalimu alikuwa amefundishwa kudai sentensi kamili. Ulikuwa utaratibu uliotapakaa duniani wakati ule. Mwingereza Harold Palmer, aliyefanya kazi miaka mingi Japani, alitoa mwaka 1921 kitabu juu ya kufundisha lugha kwa mdomo, na mawazo ya namna yake yakaingia katika vitabu na vyuo vingi: sikio na ulimi vitangulie, kalamu ifuate, mwalimu aoneshe kitu, aulize, mwanafunzi ajibu. Wazo lilikuwa zuri, na nalitetea mpaka leo. Lakini lilipopanda mlimani likiwa limebebwa na walimu ambao wenyewe hawakuwa na mtu wa kuzungumza naye Kiingereza, likageuka ibada. Je, hii ni baiskeli? Ndiyo, hii ni baiskeli. Je, hili ni ng'ombe? Hapana, hili si ng'ombe, hii ni baiskeli. Sijapata kumwona Mgweno aliyehitaji kutofautisha hivyo viwili.

Mwaka 1972 nilikuwa namaliza chuo cha ualimu. Kati ya mitihani ya mwisho palikuwa na mmoja wa kuzungumza. Uliingia chumbani, ukachota kijikaratasi kutoka kwenye kopo, ukasema dakika chache juu ya ulichokikuta, kisha mtahini akauliza maswali. Kijikaratasi changu kiliandikwa baiskeli yangu. Moyo ulitulia, kwa kuwa aya ya baiskeli nilikuwa nayo kichwani tangu shule ya msingi. Mwalimu aliiandika ubaoni tukainakili. Nikasimama wima nikaitoa yote. Baiskeli yangu ni nyekundu. Ina magurudumu mawili, kengele moja na taa moja. Naipanda kwenda shule kila siku. Naipenda sana baiskeli yangu.

Mtahini, mtu mzima mpole, aliitikia kwa kichwa. Kisha akauliza swali moja: "Where is your home?" Nikamjibu, Ugweno, Upare. Akatazama nje dirishani kama mtu anayekumbuka kitu, akaniuliza, "And you ride there?"

Nilikuwa na kila kitu cha kumjibu. Nilikuwa na Raleigh ya baba, gunia la kahawa, tawi la mti linaloburuta, mzaha wa jirani. Nilimwambia, "Yes, sir. It has two wheels."

Nilifaulu, tena vizuri. Maneno yangu hayakuwa na kosa. Nilipotoka nje wenzangu waliniuliza nimepata nini, nikasema nimepata baiskeli, wakasema una bahati.

Sasa nije kwenye miaka yangu ya kazi, na hapa sitasema mengi juu ya siasa ya lugha, kwani imeandikwa na wenye ujuzi zaidi. Mwaka 1967, baada ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia shule zote za msingi za Serikali, na mimi niliyevaa ubao shingoni nilishangilia na bado nashangilia. Kiingereza kikabaki somo moja kati ya mengine. Ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote, madarasa yakafurika, na walimu wengi wakaletwa kazini upesi wakiwa wenyewe wamemaliza darasa la saba. Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu chini ya Ndugu Jackson Makweta ilitoa taarifa iliyoshauri sekondari nazo zianze kufundisha kwa Kiswahili mwaka 1985. Serikali haikukubali, na Mwalimu Nyerere akakiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Mwaka 1984 wataalamu wawili Waingereza, Criper na Dodd, waliwapima wanafunzi wetu na kuona kwamba katika kidato cha nne ni kama asilimia 10 tu waliofikia kiwango ambacho masomo kwa Kiingereza yangeweza kuanzia. Kuanzia! Na hao walikuwa wanamaliza.

Habari hizo zilinichoma. Mwaka ule ule nilikuwa nimekabidhiwa shule kama mwalimu mkuu, na nikaapa moyoni kwamba watoto wangu watasema Kiingereza. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa karatasi tupu. Hakuna aliyeulizwa lolote kwa mdomo. Kwa hiyo nilianzisha wangu, kila mwisho wa muhula. Kopo lilikuwa la maziwa ya unga, vijikaratasi nilivikata mwenyewe. Msomaji amekwisha kujua kijikaratasi kimojawapo kilisema nini. Na aya ya kujifunzia niliiandika ubaoni kwa mkono wangu, isipokuwa kwamba baiskeli yangu mimi ilikuwa ya buluu.

Ilikuwa miaka ya dhiki. Baiskeli mpya ilipatikana kwa kibali katika duka la RTC, ikiwapo. Zilikuwako Swala zilizotengenezwa Dar es Salaam, Phoenix za China, Avon na Hero za India, na Raleigh kongwe zilizokataa kufa. Mpira ukitoboka ulibandikwa kiraka juu ya kiraka. Tairi likipasuka lilishonwa kwa waya. Nilimwona mtu akijaza tairi kwa majani makavu. Fundi wetu alikaa chini ya mgrevilea karibu na shule, na watoto walipotoka darasani walimzunguka kama nzi. Huko walikuwa wakitaja kila kitu: breki, pedeli, cheni, rimu, spoki, keria, friwili, dinamo, madigadi. Nami ndani ya darasa nilichora baiskeli ubaoni, nikaelekeza fimbo kwenye madigadi, nikauliza kwa Kiingereza hiki ni nini, na darasa zima la watoto 50 likanyamaza. Siku moja mvulana alijaribu: "Madigadi, sir." Darasa likacheka, na mimi nikacheka. Nikamwandikia sifuri. Ilinichukua miaka mingi kuona kwamba mtoto yule alikuwa ametoa jibu sahihi kwa matamshi ya fundi, na kwamba Kiingereza nilichokuwa nakitafuta kwa tochi kilikuwa kimelala chini ya mgrevilea kikiwa kimepakwa mafuta.

Sasa nifike pale nilipokuwa nakwepa. Mwaka 1986, mwisho wa muhula wa kwanza, msichana wa darasa la sita alichota kijikaratasi cha baiskeli. Alikuwa mtoto mtulivu, wa katikati katika masomo. Hakusema aya ya ubaoni. Alinyamaza kwanza, nami nikadhani ameisahau, nikamwanzishia: "My bicycle is…" Akatikisa kichwa. Kisha akasema maneno ambayo nayakumbuka vizuri kwa sababu niliyaandika pembeni mwa daftari langu la alama ili nikayatumie kama mifano ya makosa: "In Ugweno bicycle is not for ride. Is for push. My father push my mother in the night. Hospital is far."

Nilimkatiza. Nilimwambia aseme tena vizuri, "A bicycle is for riding." Akasema, "A bicycle is for riding." Nikamwambia akae. Mvulana aliyemfuata alikariri aya yote ya baiskeli ya buluu bila kupumua, nikampa 9 kati ya 10. Yeye nilimpa 4, na kando yake nimeandika: nje ya mada.

Tangu siku ile sikumbuki kumsikia akinyoosha mkono katika kipindi cha Kiingereza. Mwaka uliofuata alimaliza darasa la saba, hakuchaguliwa. Siwezi kusema ni kwa sababu yangu. Nafasi za sekondari zilikuwa chache mno na wengi bora kuliko yeye walibaki. Lakini pia siwezi kusema sikuwamo.

Daftari lile la alama ninalo. Nililitoa kabatini usiku ule mjukuu wangu alipolala, nikalisoma kwa taa, kisha nikachukua kamusi. Nilitaka kujua jambo dogo tu: Kiingereza husemaje mtu anapotembea kando ya baiskeli ameshika usukani na kuisukuma. Nilikuwa nimekisomea Kiingereza tangu utoto, nimekifundisha miaka 36, na sikuwa nimewahi kujiuliza. Kumbe lipo neno. Wenyewe husema "to wheel a bicycle". Wamelichukua gurudumu wakaligeuza kitenzi, kwa kuwa hata wao wana vilima, na hata wao wakifika kilimani hushuka.

Kesho yake nilimwambia mjukuu wangu afunge daftari. Nikamwuliza kwa Kiswahili, "Wewe umewahi kupanda baiskeli?"

"Hapana, Babu."

"Basi mbona umeandika kurasa nzima?"

Akakaa kimya. Nikamwuliza baiskeli ipi anaikumbuka. Alifikiri, kisha akaniambia jambo nisilolijua. Alipokuwa mdogo na kuja huku kila Desemba, Phoenix yangu, niliyoinunua kwa mkopo mwaka 1988, ilikuwa tayari imetundikwa ghalani. Alikuwa akiingia kisirisiri, anazungusha gurudumu la nyuma na kusikiliza friwili ikilia tikitiki mpaka inyamaze. Alikuwa akihesabu. Rekodi yake, alisema, ilikuwa 212.

"Liseme hilo," nikamwambia.

"Kwa Kiingereza? Babu, hilo si jibu."

Tulishindana naye siku mbili. Hofu yake niliifahamu vizuri, kwa kuwa mimi na wenzangu ndio tuliowapa wazazi wake, naye akairithi. Alidhani mtahini anatafuta mambo makubwa: mazingira, afya, maendeleo ya taifa. Tukasoma pamoja maelezo ya mtihani wenyewe. Ni mazungumzo ya uso kwa uso ya dakika 11 hadi 14. Kwanza maswali ya kawaida ya nyumbani na kazi, kisha kadi yenye mada, dakika moja ya kujiandaa na moja hadi mbili za kusema, mwisho majadiliano. Hupimwa mambo manne: mtiririko na mpangilio wa maneno, upana wa msamiati, sarufi, na matamshi. Hakuna hata moja linalouliza kama unajua faida za baiskeli kwa taifa. Tena watahini wamefunzwa kulitambua jibu la kukariri, na akilitambua atauliza swali la pembeni aone kama kuna mtu nyuma yake. Niliposoma hapo nilimkumbuka mtahini wangu wa 1972 alivyotazama dirishani.

Basi tukafanya hivi. Alisimulia kwanza kwa Kiswahili, bila haraka, kitu alichokiona kwa macho. Kisha akasimulia kwa Kiingereza, nami nikajizuia kumkatiza, kazi iliyoniwia ngumu kuliko zote nilizopata kufanya darasani. Alipomaliza tulirudi kwenye maneno mawili matatu tu aliyoyakosa. Ghala, kutundika, sauti ya friwili. Mara ya kwanza alisema sekunde 30 akakwama. Nikamwuliza kwa nini baiskeli ilitundikwa. Akasema magoti ya babu yalikuwa yamechoka kuisukuma, na hapo nikampa kile kitenzi cha kamusi. Mara ya nne alipita dakika mbili, na mimi ndiye niliyesahau kutazama saa. Makosa yalikuwamo. Alisema "he hanged it" mahali pa "hung". Lile jibu la mistari kumi na miwili lilikuwa safi kuliko hili, na hakuna mtu angelisikiliza hadi mwisho.

Alifanya mtihani wake Dar es Salaam mwezi Septemba. Baiskeli haikutoka. Alipewa kadi ya kueleza chakula anachokumbuka, akaeleza makande ya bibi yake na kijiko cha mti kilichoungua ncha. Alipata 7.5 katika kuzungumza.

Nilipopata habari hizo nilishuka Mwanga. Nilijua kwamba yule mwanafunzi wangu wa 1986 ana meza sokoni, anauza maharage na ndizi; nilikuwa nimempita mara kadhaa tukasalimiana tu. Safari hii niliketi kwenye kigoda chake.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Nikamwuliza kama anakumbuka mtihani wa kopo.

"Ulinipa nne," akasema papo hapo, na akacheka, cheko la mtu mzima lisilo na kinyongo. Ni zaidi ya miaka 35.

Nikamwambia nimekuja kuuliza swali nililopaswa kuliuliza siku ile. Baba yake alimsukuma mama yake usiku kwenda hospitali, je, walifika?

Aliacha kuchambua maharage. Alisema mama yake alishikwa na uchungu kabla ya siku zake, ilikuwa mvua, hakuna gari. Baba alimweka kwenye keria amemfunga kwa kanga kiunoni mwake, akasukuma, na yeye, mtoto wa miaka kumi na miwili, alishika taa ya chemli mbele. Walitembea mpaka kukaribia alfajiri. "Mama alifika," akasema. "Mtoto hakufika." Ilikuwa wiki mbili kabla ya mtihani wangu. Kichanga huzikwa kimya kwetu, bila matanga makubwa, na mimi mwalimu mkuu wa kijiji sikuwa nimesikia.

Sikuwa na la kusema. Nilimwambia nimekosa, naye akasema, "Aa, Mwalimu, zamani hiyo." Alikuja mteja akanunua kilo mbili, akampimia, akarudisha chenji. Kisha akanigeukia.

"Na ilikuwa isemwe vipi, ile ya kusukuma?"

Nikamtajia neno. Akalirudia polepole, akauliza maana yake, nikamwambia ni gurudumu lenyewe, wamelifanya kitenzi.

"Gurudumu," akasema. "Father wheel mother."

"Wheeled," nikasema, na papo hapo nikauma ulimi.

"Wheeled," akasema, akaendelea kuchambua maharage yake.